Kuta za Songea kati ya Jua na Masika

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Songea hupita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, safari ya yapata kilometa 950, na njiani hubadilisha kuta kama abadilishavyo hewa. Pwani huacha nyumba za matofali ya saruji na mchanga, za kijivu. Apandapo nyanda za juu huanza kuona wekundu, na afikapo Songea huona kwamba mji wote umefanana na udongo wake: vichochoro vyekundu, vumbi jekundu, na nyumba za matofali ya kuchoma zilizopangana kutoka bondeni hadi kwenye miinuko. Pembezoni mwa njia, karibu na vijito, matanuri yamesimama kama vichuguu vikubwa, mengine yakifuka moshi, mengine yamekwisha kubomolewa na tofali zake kuhesabiwa kwa maelfu.

Songea ni makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma. Mji umekaa juu ya nyanda zenye kimo cha zaidi ya meta 1,000, jirani na milima ya Matogoro ambako Mto Ruvuma huanzia safari yake ndefu ya kwenda Bahari ya Hindi. Jina lake latokana na Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, na mgeni hupelekwa kwanza kwenye makumbusho ya vita hivyo. Hiyo ni haki yake. Lakini makala haya yanamwomba msomaji atazame kitu ambacho hakuna mgeni apelekwaye kukitazama, nacho ni ukuta wa nyumba ya kawaida.

Ukuta huo si jambo dogo. Mwalimu, muuguzi, dereva na karani hawana benki nyingine kubwa kuliko nyumba wanayoijenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mwaka wa tatu bati. Wako pia wana wa Songea waishio Dar es Salaam na kwingineko, ambao kila mwezi hupunguza mshahara na kuwatumia ndugu zao fedha za tofali, ili siku ya kustaafu wawe na pa kurudi. Ufa unapofunguka katika ukuta wa namna hiyo, kinachopasuka ni akiba ya miaka kumi na tano. Na ukuta unapoanguka usiku wa mvua kubwa, waweza kuangukia mahali walipolala watoto. Yafaa basi kujua ni nini hasa kinachouua ukuta.

MWAKA WA UKUTA

Wengi wakiulizwa hujibu upesi kwamba ni mvua. Wengine husema ni jua. Ukweli ni kwamba ukuta mzuri huvumilia mvua, na huvumilia jua pia. Kinachouchosha ni kupokezana kwa hao wawili, mwaka baada ya mwaka, hasa pale mwenye nyumba alipoufungia unyevu ndani ya ukuta usipate njia ya kutoka.

Songea ina msimu mmoja wa mvua. Masika huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba na kuendelea hadi Aprili, na kwa miezi hiyo mji hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua. Baada ya hapo huja baridi ya Juni na Julai, wakati watu hutoka asubuhi wamejifunika makoti na mashuka. Kisha Septemba na Oktoba hewa hukauka, vumbi hupanda, na jua huwa kali. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini mwa Songea likielekea kusini, na mnamo Februari hupita tena likirudi kaskazini.

Mwendo huo wa jua una maana kubwa kwa ukuta, ingawa ni wachache waukumbukao wanapopima kiwanja. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua liko upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kaskazini hupata joto na kukauka. Ukuta unaotazama kusini haulioni jua hata kidogo kwa miezi yote hiyo. Umetoka kulowa masika nzima, na mara tu mvua inapokoma unaingia katika kivuli na baridi. Ndiyo sababu, mtu akizunguka nyumba za Songea mwezi Julai, hukuta kuvumwani na madoa ya kijani upande wa kusini kuliko pande nyingine. Kuta za mashariki na magharibi zina taabu yao tofauti: jua la asubuhi na la alasiri huzipiga uso kwa uso, na ukuta wa magharibi wa mwezi Oktoba huweza kuwa moto kiasi cha kuuondoa mkono.

TOFALI HUNYWA MAJI

Tofali la kuchoma laonekana gumu, lakini ndani yake limejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo hunywa maji. Tofali lililoiva vizuri hunywa kidogo. Lililoiva nusu hunywa sana. Chukua tofali la kilo 3 linaloweza kunywa maji kiasi cha asilimia 20 ya uzito wake. Hilo likishiba hubeba gramu 600 za maji, zaidi ya nusu lita. Ukuta wenye tofali 1,000 za namna hiyo, ukilowa kabisa, umebeba lita 600, yaani mapipa matatu yaliyojaa. Hakuna mtu ambaye angekubali kuweka mapipa matatu ya maji sebuleni mwake, lakini wako wengi wanaokaa nayo bila kujua.

Maji hayo hayatoki juu tu. Hupanda pia kutoka ardhini, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kibatari. Yakipanda hubeba chumvi zilizomo katika udongo. Ukuta ukipata joto, maji hugeuka mvuke na kuondoka, lakini chumvi haiwezi kuwa mvuke. Hubaki juu ya uso wa tofali kama unga mweupe, kwa kawaida chini ya usawa wa kiuno. Unga huo ukiwa nje tu hauna madhara makubwa. Lakini chumvi nyingine huganda ndani ya matundu, chini kidogo ya uso, na kila inapoganda husukuma. Mwaka wa kwanza rangi hubabuka. Mwaka wa tatu uso wa tofali huanza kumeguka kama mkate mkavu. Mwenye nyumba hupaka rangi mpya, na masika ijayo huibandua.

Unyevu hudhuru na wakazi. Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungi anajua kwa nini mtungi hupoza: maji hupenya udongo, hufika nje, hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Ukuta uliolowa hufanya kazi ile ile, isipokuwa kinachopozwa ni chumba. Zaidi ya hayo, tofali lililolowa hupitisha joto haraka kuliko lililo kavu, hata joto la jikoni na la miili ya watu hutoroka nje. Ndiyo maana nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye ukubwa mmoja, moja huwa na baridi ya kutetemesha mwezi Julai na nyingine ikakalika. Na katika chumba chenye ukuta mbichi huota kuvu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na kikohozi na pumu. Mama anayebadilisha dawa ya kikohozi cha mtoto kila mwezi angefanya vema kutazama pia nyuma ya kitanda.

JUA HUNYOSHA, USIKU HUPUNGUZA

Jioni, jua linapozama, bati hulia. Ta! Ta! Kila aliyelala chini ya bati ameisikia sauti hiyo, na anajua kwamba ni bati linajikunja baada ya kutanuka mchana. Ukuta nao hufanya hivyo hivyo, ila haulii. Ukuta wa tofali za kuchoma wenye urefu wa meta 10, ukipanda joto kwa nyuzi 30 za sentigredi, hurefuka kwa karibu milimita 2. Zege hurefuka kwa kiasi kinachokaribia mara mbili ya hicho. Kwa hiyo pale ukanda wa zege unapopita juu ya milango na madirisha, vitu viwili vyenye mwendo tofauti vimefungwa pamoja, na kila siku ya jua kali kimoja humvuta mwenzake. Nyufa zinazoanzia pembe za madirisha na kupanda kwa mshazari mara nyingi zina asili hiyo, ama asili ya msingi uliodidimia upande mmoja pale udongo ulipolowa.

Milimita 2 ni kitu kidogo, na ukuta uliojengwa kwa udongo wa kunata au kwa mchanganyiko laini wa saruji huweza kuumeza mwendo huo katika viungo vyake. Lakini ukuta uliojengwa kwa saruji nyingi kupita kiasi, kwa imani kwamba saruji nyingi ndiyo nguvu, hauna pa kunyumbulika. Viungo vinakuwa vigumu kuliko tofali zenyewe, na ufa hupasua tofali katikati.

Ufa ukishafunguka, jua limemfungulia maji mlango. Masika inayofuata maji huingia, hulainisha udongo wa viungo, na mchwa nao hufuata unyevu. Kiangazi ukuta hukauka na kunywea, ufa hupanuka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walisema kweli. Lakini anayeziba ufa kwa saruji bila kuuliza maji yametoka wapi, ameziba mdomo wa jeraha na kuacha usaha ndani.

MOTO NA SUBIRA

Ubora wa ukuta huanzia kwenye tanuri, na hapa Songea, kama mahali pengi nchini, adui wa tanuri ni haraka. Tofali hufyatuliwa baada ya masika, hukaushwa chini ya nyasi ili lisipasuke kwa jua la ghafla, kisha hupangwa na kuchomwa kwa kuni siku kadhaa. Udongo ukifika joto la nyuzi 600 hivi, maji yaliyofungamana na chembe zake yamekwisha kutoka, na hauwezi tena kurudi kuwa tope. Ukifika nyuzi 900 hadi 1,000, chembe huanza kuyeyuka na kushikana. Moto ukizimwa mapema, tofali za katikati zitakuwa zimeiva na za pembeni zitakuwa rangi ya chungwa lililopauka. Hizi ndizo ziuzwazo pamoja na nyingine, kwa bei ile ile, na mnunuzi asiyejua huzihesabu bila kuzigonga.

Kuna jambo jingine lisilojulikana sana. Tofali likitoka tanurini limekauka kupita kiasi, na mara moja huanza kuvuta unyevu wa hewani. Linavyouvuta linavimba, kidogo sana, kwa kasi kubwa siku za kwanza na kwa kasi inayopungua kwa miaka mingi. Tofauti na lile la jua, vimbe hili halirudi nyuma. Ukuta mrefu uliojengwa kwa tofali zilizotoka motoni jana huendelea kurefuka ukiwa umekwisha kufungwa, nao hujipasua wenyewe. Dawa yake haigharimu senti: acha tofali zikae wiki mbili au tatu, tena zilowanishwe kabla ya kujengea, zisije zikanyonya maji yote ya saruji na kuiacha kuwa vumbi.

Mwendo huo wa tofali kuvuta maji ni wa uhakika kiasi kwamba mwaka 2009 wataalamu wa vyuo vikuu vya Manchester na Edinburgh, Uingereza, walieleza njia ya kukadiria umri wa tofali kwa kupima maji lililokwisha kuyavuta. Tofali moja la kale sana, kutoka mji wa Canterbury, liliwapa umri wa miaka 66 tu. Walipochunguza wakagundua sababu: wakati wa Vita Kuu ya Pili mji huo ulipigwa kwa mabomu ya moto, tofali likachomeka upya, likaanza kuhesabu miaka yake toka mwanzo. Na zamani zaidi, Vitruvius, mjenzi wa Roma, aliandika kwamba katika mji wa Utica, ulioko Tunisia ya leo, tofali za kukaushwa kwa jua hazikuruhusiwa kujengea mpaka zitimize miaka mitano na hakimu wa mji azikubali. Sisi hatuombwi kungoja miaka mitano. Wiki tatu zatosha.

Hapana budi kusema pia juu ya kuni. Moto wa kutosha wataka kuni za kutosha, na kuni hizo hutoka katika miti ile ile inayolinda vyanzo vya maji. Asiyetaka kuchoma ana njia nyingine: tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine, zile za kufungamana ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukizieneza. Hazihitaji moto, lakini nazo huhitaji kumwagiwa maji siku za kwanza, na kivuli, na subira.

LIPU SI DAWA YA KILA UGONJWA

Mwaka 1977, alipoitathmini nchi miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba wananchi wanaacha kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae wakingojea bati na saruji. Songea haikungojea, ilijenga kwa tofali zake. Lakini heshima ya saruji ilirudi kwa mlango mwingine, nao ni lipu. Familia ikipata fedha kidogo, jambo la kwanza ni kuzifunika tofali kwa lipu ngumu ya saruji, ndani na nje, kwa sababu nyumba isiyopigwa lipu yaonekana haijaisha.

Lipu si kosa. Juu ya ukuta mkavu, wenye msingi mzuri, hulinda. Lakini juu ya ukuta unaonyonya maji kutoka chini, lipu ngumu ni kama kumvalisha mtu koti la mpira baada ya kumlowesha. Maji hupanda, hayapati pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi kuliko awali, na mwisho lipu hujitenga na kuanguka vipande vipande ikiwa imebeba uso wa tofali. Lipu ya chokaa, au ya chokaa na saruji kidogo, huacha mvuke upite. Wajenzi wa pwani waliijua chokaa tangu karne nyingi, na kuta zao za mawe zilipumua.

SOMO LA UPENU

Mwenye nafasi afike Peramiho, yapata kilometa 24 kutoka mjini, upande wa Mbinga. Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni hapo mwaka 1898. Mwaka 1905 ikachomwa katika Vita vya Majimaji, ikajengwa tena, na katika miaka ya 1940 likasimamishwa kanisa kubwa la abasia. Peramiho pana karakana na mafundi, na majengo yake yana watu wa kuyaangalia mwaka hata mwaka. Ukuta wa tofali hauhitaji muujiza ili uishi miaka themanini. Wahitaji mtu atakayeona bati lililotoboka kabla ya masika, na si baada yake.

Lakini somo kubwa zaidi halipo kanisani. Lipo katika nyumba za kale za wenyeji, za miti, udongo na nyasi. Paa lake lilishuka chini hata mgeni akainama kuingia, na upenu wake ulitupa maji mbali na ukuta. Udongo usiochomwa ulidumu kwa sababu haukulowa. Bati lilipokuja, upenu ulikatwa, kwa maana kila futi ya bati ina bei. Mtu huokoa bati mbili tatu, akaupoteza ukuta mzima. Upenu wa sentimeta 60 au zaidi hulinda ukuta na mvua ya masika, na huukinga na jua kali la Oktoba: kitu kimoja, dawa ya magonjwa yote mawili.

KABLA YA MVUA

Basi Jumapili moja ya mwezi Oktoba, baba, mama na watoto wazunguke nyumba yao. Watazame kama udongo na takataka zimerundikwa ukutani, waziondoe. Watazame kama maji ya paa huanguka miguuni mwa ukuta, wachimbe mfereji uyapeleke mbali. Penye lipu, wagonge kwa kifundo cha kidole. Panapotoa sauti ya utupu pamejitenga. Ukuta wa kusini waukague mara mbili, na vitanda vya watoto visiegemezwe hapo.

Anayejenga sasa, agonge tofali mbili kabla ya kulipa: zilizoiva hulia kama chuma, mbichi hutoa sauti ya kibuyu. Achukue moja alitie ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Likimeguka pembe, amwachie mwenyewe. Juu ya msingi, kabla ya mstari wa kwanza wa ukuta, atandaze nailoni nzito isiyo na tundu, ili utambi ukatike. Gharama yake ni ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji katika nyumba nyingi, na ikishasahauliwa ni vigumu mno kuirudisha.

Mwana wa Songea aliye mbali, anayetuma fedha za tofali, na atume pamoja nazo maswali haya: Tofali zimepumzika siku ngapi? Nailoni imetandazwa? Upenu ni wa kiasi gani? Ndugu yake aliyeko nyumbani asiudhike kuulizwa. Masika itayauliza hayo hayo, na haitangoja majibu.